Sauti ya Mama Mdogo

Bombay, 11 Juni 1967

Dada Girija mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji Raghavendra na mama mkwe wako. Mguu wa mama unaendeleaje? Sisi huku hatujambo, ila joto limetuchosha na mvua zinachelewa.

Rohini alifika salama. Alishuka kwenye treni na kikapu cha pedha, vile vitamutamu vya maziwa, kikiwa nusu, nusu nyingine kaigawa kwa abiria. Nilicheka mpaka kaka Vasant akanikonyeza ninyamaze. Kucheka kwa nguvu kunaumiza koo, na koo langu ndilo linalolisha nyumba hii. Achari nimekatazwa, mtindi nimekatazwa, maji ya mtungi nimekatazwa. Nina miaka arobaini na moja na bado naomba ruhusa ya kula ndimu.

Koo lenyewe linakwaruza tangu Aprili. Daktari Kapadia kasema nisiongee ila kwa lazima, kwa hiyo uvumilie barua ndefu. Nikishika kalamu ndiyo naongea.

Juzi asubuhi nilisikia wimbo wangu wa zamani ukitokea jikoni. Nikadhani mpishi kafungua redio. Kumbe ni mwanao, anachambua mchele. Vasant alitoka bafuni mbio na povu la kunyolea usoni. Akasema, "Tuna Kumudini wawili humu ndani." Nikamwambia Rohini, "Hiyo sauti ni yangu, mama. Niimbie yako." Akajibu, "Mama mdogo, yangu siijui ikoje. Nimekufuata wewe redioni tangu naota meno."

Usiwe na wasiwasi naye. Nitamlea kama wangu, na watunzi wote wa muziki wanaoingia hapa nitawajulisha kwake.

Mdogo wako,
Kumud


Dharwad, 2 Agosti 1967

Mdogo wangu Kumud,

Barua yako tuliisoma wote, na mama mkwe akataka isomwe tena kwa sababu umemuulizia mguu. Mguu haujambo, mdomo ndio mzima zaidi. Shemeji yako anakusalimu. Mvua zimetujia vizuri, ila ukuta wa chumba cha mbele umeota ukungu tena.

Chemsha tangawizi, unywe, na ukae kimya kama daktari alivyosema. Ulikuwa na maneno mengi tangu utotoni, baba alikuwa anasema utamaliza hewa ya nyumba. Sasa pumzika.

Kuhusu Rohini, niseme ukweli wangu. Majirani walinishangaa kumpeleka binti Bombay kwenye filamu. Niliwaambia, "Simpeleki kwenye filamu, nampeleka kwa mama yake mdogo." Nimesimamia neno hilo. Siku utakayosikia jina lake linatangazwa redioni, hata kwa wimbo wa dakika mbili, niandikie kabla, ili nikae karibu. Na umwangalie kifua wakati wa mvua. Unakumbuka alivyougua.

Dada yako,
Girija


Bombay, 9 Januari 1968

Dada mpendwa,

Hamjambo nyote? Sisi wazima. Samahani kwa ukimya, kazi zilikuwa nyingi. Koo limepata nafuu. Rohini anajifunza na anakula vizuri. Nyimbo zake bado, mambo haya yana foleni yake.

Vasant yuko hapa pembeni, anakusalimu.

Mdogo wako,
Kumud


Dharwad, 20 Machi 1968

Mdogo wangu Kumud,

U mzima? Barua yako ya Januari ilikuwa kama telegramu ya kifo kwa ufupi wake, lakini nimekusamehe, kwa maana nimesikia kwa nini huna nafasi.

Wimbo wako mpya umetuvamia. Ule wa msichana anayengoja kwenye daraja. Muuza maziwa anauimba, mwalimu mkuu wa shule anayofundisha shemeji yako anaupigia mluzi, na mama mkwe aliposikia ubeti wa mwisho alifuta macho kwa ncha ya sari akasema ni moshi wa jiko. Jiko lilikuwa limezimwa. Kumud, koo halikupata nafuu tu, limezaliwa upya. Sauti imekuwa ya msichana wa miaka kumi na tisa. Umefanyaje?

Nakuonea fahari, na nakuonea wivu kidogo pia, maana mimi nikiita watoto siku hizi hata mbuzi wa jirani wanakimbia.

Rohini anaandika mistari mitatu tu. Mzima, mzima, nasalimia. Ana nini? Na foleni yake imefika wapi?

Dada yako,
Girija


Dharwad, 15 Juni 1968

Bibi Kumudini,

Leo sina salamu.

Ile barua yangu ya Machi hukuijibu. Jana mke wa daktari wa hapa mtaani kwetu alileta sahani ya ule wimbo wa daraja na gramafoni yake, tukakaa barazani tuusikilize kwa utulivu, bila kelele za mawimbi ya redio. Aliurudia kwa sababu nilimwomba aurudie, halafu nikamwomba tena. Akadhani nimeupenda.

Kabla ya ubeti wa pili kuna pumzi. Mwimbaji anavuta hewa kidogo, anasita, halafu anavuta iliyobaki. Mafundo mawili. Wewe huvuti hivyo. Baba alikufundisha kuvuta moja, ya kimya, kutoka tumboni. Aliyevuta hivyo ni mtoto aliyeumwa kifua akiwa na miaka minne, na mimi ndiye niliyelala na sikio juu ya kifua hicho nikiomba fundo la pili lije.

Huyo si wewe. Huyo ni mwanangu.

Jina lililoandikwa kwenye sahani ni lako, na picha ni yako, na shada la maua umevalishwa wewe. Wageni barazani wanasema, "Hongera, mdogo wako bado hana mpinzani," na mimi nakaa namimina chai.

Niambie mlichomfanyia mtoto wangu.

Girija


Bombay, 3 Julai 1968

Dada,

Salamu zako sizistahili, kwa hiyo sitaziomba. Barua hii anaipeleka posta Bi Filomena, mjane wa mpiga fidla, mtu wa Goa, anayekuja kunifanyisha mazoezi ya pumzi. Nyingine zote Vasant huzisoma kwanza, kwa hiyo unijibu kupitia kwake huyo Bi Filomena.

Septemba walinipasua koo. Walitoa vivimbe kwenye nyuzi za sauti. Nilipozinduka nikamwita nesi, ikatoka sauti kama bawaba yenye kutu. Daktari alisema ningoje wiki chache. Kisha akasema miezi. Siku hizi hasemi kitu, ananipapasa mkono tu.

Filamu zilikuwa katikati, nyimbo zinangojwa. Vasant akasema, "Rohini aimbe mmoja tu, kwa jina lako, mpaka upone." Tukamwita Bwana Bakshi, mtunzi aliyenirekodi kwa miaka yote. Akamsikiliza huku amefumba macho. Akasema, "Hata mimi siwezi kuwatenganisha." Wote wakanigeukia. Nilitikisa kichwa kukubali, dada. Hakuna aliyenishika shingo. Nilitaka niendelee kuwepo.

Wimbo mmoja ukazaa mwingine. Wapiga ala wanajua, lakini nani atasema? Nyimbo za Kumudini zikikoma, na wao hawana kazi. Rohini anapelekwa studio kwenye gari langu, kajitanda sari yangu mpaka puani. Mimi nafungiwa ndani. Siruhusiwi kusimama kwenye roshani, wapita njia wasije wakanisalimu nikajibu. Simu ikilia, Rohini ndiye anayesema, "Kumudini hapa," na kucheka kile kicheko changu kidogo cha adabu. Jana mezani aliomba chumvi kwa sauti yangu. Hakuwa anaigiza. Alisahau tu. Nilimtazama, na yeye akanitazama, kisha akaweka kijiko chini.

Nimemwambia kwa maandishi arudi kwako. Akasema, "Nikiondoka, mama mdogo, watakugundua." Anaona ananilinda. Mimi nilidhani namlinda yeye. Vasant anatulinda wote wawili, na ufunguo uko mfukoni mwake.

Novemba wanafanya sherehe ya miaka ishirini na tano ya uimbaji wangu. Sijui nitaipitaje.

Kumud


Dharwad, 19 Julai 1968

Kumud,

Nimeisoma. Shemeji yako alitaka kupanda treni siku ile ile na kumtoa Rohini kwa nguvu. Nimemzuia, maana nilimwandikia mtoto mwenyewe, naye amenijibu kuwa haji. Anasema wewe hutoki kitandani asubuhi mpaka aje akuketishe. Anasema ukisikia wimbo mpya redioni unageukia ukutani. Ameniomba nisimlazimishe kukuacha. Mtoto wangu ananisihi kwa ajili yako, na mimi nakasirika na kuona fahari kwa wakati mmoja, nitafanyaje.

Lakini nisikilize. Yeye ana miaka ishirini, na hata akisimama barabarani akipiga kelele, nani atamwamini? Watasema ni msichana wa shamba anayemwonea wivu mama yake mdogo, mwimbaji wa taifa zima. Vasant hatasema. Bakshi hatasema. Jina ni lako. Hakuna mwingine anayeweza kulifungua hilo jina akamtoa humo ndani.

Sikuhurumii leo. Labda baadaye. Mama mkwe anakusalimu, yeye hajui kitu.

Girija


Bombay, 27 Novemba 1968

Dada,

Natumaini nyote wazima. Huenda umeshasoma magazeti, lakini magazeti yameandika vibaya, kwa hiyo nikueleze ilivyokuwa.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa ngazini. Vasant alikuwa amepanga kila kitu. Nisimame mbele ya maikrofoni ya jukwaani, ambayo imezimwa. Nyuma ya pazia Rohini ana maikrofoni nyingine, inayofanya kazi. Yeye aseme shukrani, mimi nichezeshe midomo. Maisha yangu yote nimesimama gizani nikiimba, na wasichana wazuri wakichezesha midomo mbele ya kamera. Sasa zamu ikawa yangu. Nilijifunza mbele ya kioo wiki nzima. Mke wa Vasant alinisifu, akasema, "Wifi, ungekuwa mwigizaji mzuri."

Nilivalishwa mashada mpaka shingo ikauma. Kisha ukumbi ukanyamaza, na sauti yangu ikatoka nyuma yangu ikasema, "Ndugu zangu, bila ninyi mimi si kitu." Nilichezesha midomo. Ilikwenda sawasawa kabisa. Kwenye safu ya mbele kulikuwa na mama mmoja mnene, ana mtoto mgonjwa mapajani, analia kwa furaha, ananitazama kinywani.

Nikafunga mdomo.

Rohini hakuniona. Sauti iliendelea, "Nawashukuru watunzi, nawashukuru wapiga ala," na mimi nimesimama pale nimebana midomo. Kwanza watu walicheka, wakadhani mtambo umeharibika. Vasant alikuwa pembeni ya jukwaa, anasema huku kauma meno, "Midomo, Kumud. Midomo."

Nikaenda mpaka kwenye pazia nikalivuta. Rohini alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao na karatasi mkononi, amevaa sari ya kawaida ya nyumbani. Nikachukua maikrofoni kutoka mkononi mwake. Hakuishikilia.

Nikasema, "Huyu anaitwa Rohini. Ni mtoto wa dada yangu. Wimbo wa daraja ni wake, na kila wimbo mliousikia tangu mwaka jana ni wake. Sauti yangu imeisha. Iliyobaki ni hii."

Ilitoka ile sauti ya bawaba. Kwenye vipaza sauti vikubwa ilikuwa mbaya zaidi. Yule mama wa mbele aliziba uso kwa mikono. Nyuma mtu akapaza sauti, "Mtoeni huyu. Tuleteeni Kumudini."

Vasant alinishika kiwiko kunitoa. Kwenye korido akaniuliza, kwa upole kabisa, "Unajua ulichokifanya? Umewazika wawili kwa siku moja." Hakunipiga wala hakunitukana, dada. Angefanya hivyo ningeondoka nikiwa mwepesi zaidi.

Sasa mimi na Rohini tuko mtaa wa Girgaon kwa Bi Filomena. Chumba kimoja, dirisha linatazama ukuta. Rohini analala upande wa mlango. Tangu siku ile hajaimba.

Mdogo wako,
Kumud


Bombay, 14 Aprili 1969

Dada mpendwa,

Huniandikii, na sina haki ya kulalamika. Rohini hunisomea vipande vya barua zako kwake, vile visivyonihusu. Nafurahi mguu wa mama umepona.

Kuna jambo sitaki ulisikie kwa mwingine.

Baada ya zile kelele, watunzi walianza kumwita Rohini. Mmoja alituma gari. Wote walitaka kitu kimoja. Aitwe Kumudini Mdogo, aimbe vile vile, juu vile vile. Bakshi alisema, "Watu wamezoea, kwa nini tuwasumbue?" Rohini alimkatalia wa kwanza, akamkatalia wa pili. Wa tatu alimwambia, "Binti, sasa utaimba kama nani? Wewe huna sauti nyingine." Alirudi nyumbani akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni bila kuvua viatu.

Kwa sababu ilikuwa kweli. Mwezi uliopita alikuja Iqbal Nagori, kijana anayetunga kwa ajili ya filamu ndogo ya wanawake wa mashamba ya chumvi. Mhusika anayeimbiwa si msichana wa darajani, ni mama mzima aliyefiwa. Iqbal akasema, "Imba wewe." Rohini akasimama mbele ya maikrofoni akafungua kinywa, nikatoka mimi. Akajaribu tena, nikatoka mimi. Akakazana, akalia, akaenda kunawa uso, akarudi, mimi tena, kila kupanda na kila kushuka, hata ile pumzi yake ya mafundo mawili alikuwa ameshaizoeza iwe moja kama yangu. Iqbal akasema taratibu, "Huyu namjua, dada. Namheshimu. Lakini sikumwita huyu."

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wapiga ala. Nilijiona kama mtu aliyejengewa nyumba ndani ya mtoto wa mwenzake, naye mtoto hana pa kukaa.

Nikaenda kwenye kinanda cha harmonia. Nikamwondoa mpigaji, nikashika sauti ya chini. Nikashusha tena. Nikashusha mpaka pale ambapo hakuna mtunzi hata mmoja aliyewahi kunipeleka, kwa maana mimi tangu ujana walinitaka juu tu, juu kama kitoto. Wapiga fidla wakatazamana.

Rohini akasema, "Mama mdogo, huko chini mimi sifiki."

Nikamwambia, "Hata mimi sijawahi kufika. Huko hutanikuta. Nenda peke yako."

Alianza. Sauti ilikuwa nzito, ina mchanga, haikuwa tamu. Alikosea neno. Alikosa pumzi katikati ya mstari, akasita, akavuta fundo la pili, akaendelea. Iqbal aliinua mkono kumwonyesha fundi awashe mashine.

Mimi nilifurahi, dada, na niliumia pia, sikufichi. Nilipokuwa namsikiliza nilijua kwamba sasa sipo popote. Redio bado inapiga zile za zamani, na barabarani watu wananisimamisha na kuniomba ubeti mmoja tu, hata kwa kunong'ona. Nawaonyesha koo. Wanasema, "Jaribu tu." Naingia ndani nafunga dirisha.

Wimbo utatoka mwezi wa sita. Jina la Rohini limeandikwa kwenye sahani, nimeliona kwa macho yangu.

Mdogo wako,
Kumud


Dharwad, 8 Julai 1969

Mdogo wangu Kumud,

U hali gani? Sisi huku wazima wote, mvua zimeanza, shemeji yako ana mafua na anagumia kama mtu anayekata roho.

Jumapili mtangazaji alilitaja jina. Alilikosea kidogo, lakini alilitaja. Nilikuwa na unga wa mtama mpaka kwenye viwiko. Nikuambie ukweli, mara ya kwanza sikuupenda ule wimbo. Mama mkwe aliuliza, "Huyo mwanamume ni nani?" Mke wa daktari akaniuliza kama mtoto anaumwa. Mara ya pili niliketi. Sasa naupenda, ila si kwa utamu. Naupenda jinsi ninavyompenda mwenyewe anaponuna.

Rohini ameniandikia. Mwezi ujao anakwenda Madras na yule Iqbal na wenzake kurekodi, na atakaa huko. Anasema amekuomba uende naye, ukakataa, ukamwambia akienda nawe watu watakutazama wewe. Anasema siku hizi huongei hata na Bi Filomena, unaandika kwenye karatasi hata kuomba maji.

Kumud, hasira zangu hazijaisha. Nyingine bado ziko na sijui zitaondoka lini. Lakini siwezi kukuacha kwenye chumba kinachotazama ukuta.

Njoo nyumbani. Chumba cha mbele kina ukungu, nilishakuambia, lakini mlango wake hauna kufuli. Mtindi upo, achari ya maembe ipo, maji ya mtungi yapo. Uongee na hiyo sauti yako utakavyo, ukiita watoto tutawatimua mbuzi wote wa mtaa mimi na wewe. Na atakayeingia hapa kukuomba uimbe, hata awe mwalimu mkuu, nitamtoa kwa ufagio.

Andika ni treni ipi.

Dada yako,
Girija